Shajara ya mradi wa leba: funguo iliyokuwa inalala kwenye mkoba wangu

Naandika hii kwa sababu niliahidi timu kwamba kila tunachojaribu kitaandikwa, kilichofaulu na kilichobuma. Mimi ndo inchaji wa wodi ya wazazi, mkunga kwa fani, na mradi wenyewe kwa kifupi ni kupunguza vifo na madhara kwa mama na kichanga wakati wa kujifungua na zile saa chache za mwanzo, ila kwa watu walewale tulionao, hamna ajira mpya wala jengo jipya. Mkiona nimeruka wiki mjue wodi ilikuwa imefurika.

Wiki ya 1

Nimeanza vibaya, bora niseme mapema. Niliita kikao, nikaja na slaidi zangu za viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2016, vile vinane vya ubora wa huduma ya mama na mtoto, nikavieleza kimoja kimoja mpaka cha saba kinachosema wafanyakazi wawe na ujuzi na ari, na wakati nasema neno ari kuna watu wawili wa zamu ya usiku walikuwa wamelala kwenye viti. Nikauliza kuna maswali? Kimya. Nikauliza mpango mmeuelewa? Wote "ndio sista". Nikatoka nimeridhika kabisa, nimeandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wameshirikishwa.

Sasa nje kwenye korido dada wa usafi akanisimamisha, akaniambia sista nyie mlikuwa mnaongelea ile ambu ya kumpulizia mtoto hewa, mi ndo naiokota kila asubuhi chini ya kitanda cha tatu, leo nimeiosha ila kile kidude cha katikati sijakiona. Kile kidude ni vali. Ambu bila vali ni mpira tu, unaubonyeza hewa haiendi kwa mtoto. Nikamuuliza mbona hukusema ndani, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Hakuwa amealikwa! Orodha ya kikao niliiandika mimi, nikaweka madaktari, wakunga, manesi, basi.

Wiki ya 2

Slaidi nimeziweka kando. Nimechukua boksi la glavu lililoisha, nikalitoboa juu, nikalibandika kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo na swali moja tu: "zamu iliyopita ni kitu gani kilikukwamisha?" Jina usiandike. Dada wa usafi, kaka wa dobi, mtu wa stoo, mlinzi wa mlango wa wodi, wote waandike, na asiyependa kuandika anaambia mtu wa kumwandikia.

Nilitegemea wataandika hatuna watu, hatuna vifaa. Yapo hayo, na ni ya kweli, sibishi. Lakini karatasi zilizonichoma ni nyingine. Moja: "tunaandika taarifa ileile ya mama kwenye vitabu vinne". Nyingine: "daktari akipigiwa usiku anauliza kwanza kwa nini mmenipigia". Nyingine ya mlinzi, "naambiwa nizuie ndugu wote, mama anabaki analia peke yake ndani na mimi namsikia". Na ile iliyonifanya nikae chini: "dawa ya kifafa cha mimba iko kabatini, kabati limefungwa, funguo anayo sista nyumbani."

Sista ni mimi. Funguo ilikuwa kwenye mkoba wangu, imekaa humo miaka, nilichukua mimi kwa sababu zamani dawa zilikuwa zinapotea na nikaona nimelinda mali ya wodi. Mama akishikwa na degedege la kifafa cha mimba saa nane usiku anahitaji magnesiamu salfeti palepale, gramu 4 kwenye mshipa polepole na 5 kila tako, sio baada ya mtu kunigongea. Niliuliza wa usiku walikuwa wanafanyaje muda wote huu. Wakanyamaza, mmoja akasema "tunajiwekea". Yaani walikuwa na akiba yao wameificha kwenye boksi la pamba, haijaandikwa popote, hakuna anayeangalia tarehe ya kuisha. Nilitaka kukasirika nikakumbuka ni mimi niliyewafanya waibe dawa ili waokoe watu.

Funguo imehamia kwa kiongozi wa zamu, wanakabidhiana pamoja na ripoti, na dawa za dharura zimetoka kabatini kabisa ziko kwenye trei mbili, ya kifafa na ya kutoka damu. Hii haikuhitaji mradi. Ilihitaji mtu aniambie.

Wiki ya 3

Tumekaa kuchagua tatizo moja la kuanzia. Timu ni watu saba, wamechaguana wenyewe, mimi sio mwenyekiti (niliomba nisiwe, na ilinigharimu). Karatasi zote zikamwagwa mezani, zikapangwa kwa mafungu, kila mtu akapewa kura tatu. Mi nilitaka tuanze na kutoka damu. Wakachagua dakika ya kwanza ya mtoto. Sawa.

Kwa msiojua, mtoto akizaliwa halii, una kama dakika moja tu. Wengi ukiwafuta vizuri na kuwasugua mgongo wanaanza wenyewe, ila kuna wachache wanahitaji kupuliziwa hewa kwa ambu na kinyago, na hiyo ianze kabla dakika haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika, uangalie kifua kinapanda. Hakuna mashine kubwa hapo. Apgar, ile alama tunayompa mtoto dakika ya 1 na ya 5, ni ya kuandika hali yake, sio ya kusubiria, na hapa niseme ukweli kuna watu wodini kwetu walikuwa wanasubiri wapate namba kwanza ndo waanze kusaidia.

Tukafanya kitu rahisi. Mwanasesere, simu yenye saa, mmoja anajifanya kazalisha mtoto halii, tupime mpaka pumzi ya kwanza. Mkunga mzuri tu, mwenye uzoefu, akakata kitovu, akabeba, akazunguka kitanda, akapisha kitoroli cha dripu, akafika kwenye meza ya mtoto ambayo iko nyuma ya mlango, mtu akafungua mlango ukamgonga, akatafuta kinyago cha saizi ndogo kwenye droo yenye vitu vya kila aina mpaka betri za tochi. Dakika mbili na sekunde kumi na kitu. Akalia. Tulimwambia sio wewe ni meza, ila alilia.

Wiki ya 4

Jaribio la 1, kuhamisha meza ije katikati ya vitanda. Limebuma siku hiyohiyo. Waya wa taa ya joto haufiki, na machela haipiti. Mtu wa matengenezo alikuja akatucheka, akasema mngeniita jana ningewaambia.

Jaribio la 2 ni la mkunga wa usiku. Akasema kwani lazima tumpeleke mtoto mezani? Mtoto mwanzo si anafutwa juu ya tumbo la mama, basi ambu imfuate mtoto. Kila kitanda kining'inizwe mfuko wa kitambaa wenye ambu, vinyago saizi 0 na 1, kifyonzeo, kofia, na vitambaa viwili vikavu. Tukajaribu kitanda kimoja tu, zamu moja tu. Hii ndo nimeipenda kwenye huu utaratibu wa panga, jaribu, angalia, rekebisha, unajaribu kitu kidogo hata kikifeli hakijaumiza mtu na hakijamwaibisha mtu. Asubuhi mfuko ulikuwa umening'inia upande ambao mkunga anasimama mgongo. Ukahamishwa. Siku ya pili kamba ndefu sana, inagusa chini. Ikafupishwa. Siku ya nne hakuna aliyelalamika tukaweka vitanda vyote.

Nani anaangalia kama vali ipo? Dada wa usafi kaomba yeye. Anaosha ila anayeunganisha na kuipima ni mkunga wa zamu inayoingia, unaziba kwa kiganja unabonyeza, ukisikia upinzani sawa. Wanasaini wote wawili, jina la mkunga na jina la dada wa usafi, na hilo la pili lilileta maneno kwa baadhi ya watu. Limebaki.

Wiki ya 6

Mazoezi ya dakika kumi na mwanasesere kila zamu inapobadilika, hilo lilikuwa wazo langu na nililipenda sana. Mkunga wetu mkubwa kuliko wote akagoma. Hakuja siku ya kwanza, hakuja ya pili, watu wakaanza kunong'ona eti hataki kujifunza. Nikamfuata nimejiandaa kumsihi, kumbe alikuwa kwenye vitanda anasikiliza mapigo ya mtoto. Akaniambia mwanangu, mmewaita watu wote kwenye kona kucheza na mdoli, huku nyuma kina mama watano wenye uchungu ameachiwa nani? Sikuwa na jibu. Zoezi limehamia saa ambayo zamu mbili zinagongana kikamilifu, nusu wanabaki vitandani nusu wanafanya, kisha wanabadilishana. Na yeye mwenyewe bado haji, ila sasa hivi naelewa ni kwa nini na wala simsumbui.

Wiki ya 8

Tumeongeza la pili, damu. Si kwa sababu yangu, wamelileta wenyewe baada ya usiku mmoja mbaya. Mama alipona lakini ilikuwa karibu, na tulipopitia faili tukakuta damu iliyoandikwa ni mililita 300, wakati shuka zilizotolewa chumbani zilikuwa nne zimelowa.

Kuna zoezi tulifanya ambalo napendekeza kila wodi ifanye. Tulipima maji yenye rangi, mililita tunazijua sisi wawili tu, tukamwaga kwenye shuka, kwenye pedi, kwenye beseni, watu wakapita wanakisia. Karibu wote tulikisia chini, mimi mwenyewe nilikosea karibu nusu, na madaktari vilevile. Aliyekaribia zaidi ni kaka wa dobi. Anasema yeye hajui mililita ila anajua uzito, shuka hizo anazinyanyua na kuzikamua kila siku. Kuanzia hapo akipokea shuka nzito kutoka leba anapiga simu kabla hajafua, na mara moja simu yake ilifika kabla sisi hatujashtuka.

Jicho linadanganya, ndo maana kuna ile plastiki yenye mfuko na alama za kupimia, unaiweka chini ya mama mara mtoto akishatoka, damu inaingia humo unasoma. Utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023 ulionyesha ukipima hivyo, halafu ukatoa matibabu yote kwa mkupuo, yaani kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), traneksamiki asidi (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, na kukagua damu inatoka wapi, bila kusubiri kimoja kishindwe ndo uende kingine, matukio makubwa ya damu yanapungua kwa asilimia 60. Traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, na iwe ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue, ikichelewa faida inapungua kwa kasi. Ile plastiki sisi tumepata chache, tunaitumia kwa zamu ya usiku kwanza kwa sababu huko ndo watu wachache na taa mbovu.

Alafu friji. Oksitosini inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8. Mtu wa stoo (karatasi yake ilikuwa kwenye boksi tangu wiki ya 2, tuliipita tukaiona ndogo) alisema friji ya leba kuna siku anaikuta vuguvugu. Tukaweka kipimajoto na karatasi ya kuandika asubuhi na jioni. Siku ya tatu, nyuzi 17. Plagi imechomolewa, pembeni kuna chaja ya simu. Sasa fikiria tunampa mama uniti 10 tunajiamini kabisa tumemkinga na kumbe dawa imeshachoka. Mtu mmoja akataka tuangalie kamera ya korido tumjue aliyechomoa. Timu ikakataa, ikauliza kwa nini chumba chenye watu sita usiku kucha kina soketi moja. Tumeomba soketi. Kwa sasa plagi ya friji imezungushiwa plasta nyekundu na chaja zinachajiwa mezani kwangu, ofisi iko wazi.

Wiki ya 10

Tumempoteza mtoto. Alizaliwa ameshafariki, ujauzito umetimia, mama aliingia mapigo ya mtoto yako vizuri.

Kikao cha kupitia kifo kilifanyika siku ya tatu, na tulishakubaliana hakuna jina wala kidole. Tulikuwa tunaenda vizuri mpaka kiongozi mmoja aliyekuja kusikiliza akauliza, kwa upole tu, "nani alikuwa zamu?" Ungeona. Watu walivyokaa kwenye viti wakabadilika, mikono ikakunjwa, na kwa robo saa iliyofuata hakuna aliyekumbuka chochote. Nilitakiwa nimkatize palepale sikumkatiza, niliogopa cheo. Mkunga kijana ndo alisema, kwa sauti ndogo, tungeuliza zamu ilikuwa na nini badala ya nani. Tukarudi kwenye mstari.

Zamu ilikuwa na wakunga wawili na kina mama saba, mmoja anatoka damu. Mwongozo wa WHO wa 2020 wa kufuatilia uchungu unataka mapigo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa, na mama akianza kusukuma kila dakika 5. Kwenye chati kulikuwa na pengo la saa moja na dakika arobaini. Hapo hakuna mzembe, kuna watu wawili na mama anayevuja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama alisema. Alimwambia mwenzake wa kitanda cha jirani kwamba mtoto amepunguza kucheza, yule akaita, hakuna aliyesikia, na ndugu yake alikuwa nje mlangoni amezuiwa na mlinzi kwa amri yangu.

Mlinzi alikuwa ameshaandika hilo. Wiki ya 2.

Kuanzia juzi kila mama anaingia na mtu mmoja anayemtaka yeye. Tumeweka mapazia, tumeandika kwa lugha nyepesi kazi ya huyo mtu ni nini na lini aite, na zamu ikizidi idadi tuliyokubaliana kiongozi wa zamu anapiga simu kwa daktari na kwangu bila kuomba samahani. Nimepigiwa mara tatu. Nimekuja mara tatu, moja nikiwa na kandambili.

Wiki ya 12

Grafu ya dakika ya kwanza imependeza mno. Kila mtoto aliyehitaji ambu ameanza kupuliziwa sekunde 50, 55, 50, 50, 45. Niliituma juu, tukapongezwa, barua ikabandikwa. Mkunga wa usiku akaja kuniambia faragha: sista zile namba ni za kupika. Hakuna anayeangalia saa mtoto akiwa amenyamaza, tunaandika baadaye, na tangu grafu ihamie ubao wa mkurugenzi nani ataandika sekunde 90?

Siku nzima nilikuwa mnyonge. Halafu nikaona ni kosa la mahali grafu ilipokuwa. Tumeishusha, imerudi chumba cha kubadilishia nguo, hakuna anayetoka nje nayo. Anayepuliza haandiki muda, anayepokea mtoto anabonyeza saa ya ukutani yenye kitufe, na kama hakuna mtu wa pili unaandika "haikupimwa", hiyo nayo ni data halali. Wiki hii kuna 70, kuna 110, kuna "haikupimwa" nne. Nilimwandikia mkurugenzi kwamba grafu ya mwanzo haikuwa sahihi. Alijibu neno moja, nimeona.

Wiki ya 15

Kwa haraka. Njiti: kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi tunafanya, joto tunataka 36.5 mpaka 37.5, wazo la kuruhusu baba au bibi kupokea zamu mama apumzike lilitoka kwa mama mwenyewe aliyekaa nasi wiki tatu, limekubalika. Viti vya kuegemea havijaja. Vitabu vinne vimekuwa vitatu, cha nne kinasubiri ruhusa. Yule daktari wa "kwa nini mmenipigia" amesoma karatasi yake ubaoni, hajasema kitu, ila sasa akipokea simu anaanza na "mama yukoje".

Boksi limejaa tena. Karatasi ya juu kabisa, mwandiko siujui: "mazoezi ya mdoli tunafanya sisi tu, madaktari hawaji, mtoto asipolia wao wanasimama wapi?" Iko kwenye ajenda ya Alhamisi, na safari hii madaktari wamealikwa na dada wa usafi, ndo mwenyekiti wa mwezi huu.

Soketi bado.